Safari ya London tuliyoipanga jikoni

Juzi niliona magodoro yametandazwa sakafuni kwenye msiba huko Beltsville, hapa Marekani, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, jikoni kwetu katika mji jirani wa Lanham. Kulikuwa na harufu ya vitunguu vilivyoungua. Mama mdogo alikuwa akitafuta hoteli za London kwenye simu.

"Dada, hii ina kifungua kinywa. Au hii ya bei nafuu?"

"Hoteli ya nini?" Mama akamjibu. "Tutalala chini na wenzetu."

Nilidhani hatuna pesa. Sikujua kwamba Baba, aliyekuwa akifanya kazi London, alikuwa amefariki, na kwamba kwa desturi yetu mfiwa hulala chini msibani, si hotelini.

"Mama," nikanong'ona, "si tulale kwa Baba? Kwake ni bure."

Mama mdogo aliweka simu chini. Mama alinivuta kifuani.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Tutalala kwake."