Siku Afisa Alipokuja Kukagua Umaskini Wetu

Dada yangu hawezi kumpokea mgeni bila kwanza kunyoosha kitu. Ametandika vitanda kwenye nyumba ya wageni tangu mimi niko shule ya msingi, na wenzake kazini wanamwita Mama Nyoosha. Hata mumewe alipofariki, alilia, akafuta machozi, akaenda kupanga viti vya waombolezaji. Ndivyo alivyo. Mimi mdogo wake nimemchoka, na ninampenda.

Binti yake alifaulu, akaomba ufadhili wa serikali ili akasomee uuguzi. Bila ufadhili hakuna chuo. Hilo tulilijua wote, maana mshahara wa kutandika vitanda huishia kwenye kodi ya chumba. Mtoto alihangaika mwenyewe: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha baba, muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ambaye hapatikani ila kwa kuviziwa. Vyote vikakamilika. Likabaki jambo moja tu: afisa angekuja nyumbani kuhakikisha kwamba kweli hatuna.

Yaani mtu anatoka ofisini kwake kuja kuona kwamba hatuna. Dada yangu yeye alichosikia ni kwamba mgeni anakuja.

Siku yenyewe nilifika nikakuta makochi ya jirani, muuza vipuri, yanapitishwa mlangoni kwa ubavu. Kapeti lake likafuata, kisha televisheni. Mapazia dada aliyaazima kazini. Binti alikuwa amesimama uani, mikono kichwani.

"Mama, huyu mtu anakuja kuangalia shida zetu!"

"Shida zangu sizianiki kama nguo. Shika huku tuvute."

"Basi televisheni irudi. Nakuomba, mama."

"Afisa mzima aje akae kwenye ndoo? Hatuna, sawa, lakini adabu tunayo."

Nikamwambia, "Dada, nguo ya kuazima haisitiri matako."

"Labda hayo yako makubwa," akanijibu. "Ya kwangu itayatosha."

Tukacheka, isipokuwa binti.

Afisa alikuwa kijana mpole, shati limenyooka, na dada akampenda hapo hapo. Akapewa soda na biskuti. Alipouliza kama televisheni inafanya kazi, dada alisema, "Inafanya, ila leo umeme umekatika." Leo! Ulikatwa tangu mvua za mwaka jana, na waliokuja kuukata waliondoka na waya. Binti akafungua mdomo. Mama yake akamkata jicho, naye akaufunga. Kijana akaandika mambo yake, akasifu usafi, akaaga. Kwa sifa ile dada alishinda kichwa kimemvimba.

Majibu yalipokuja, yalisema familia inajimudu.

Nilitaka kumtukana dada yangu, nikashindwa, kwa jinsi alivyokaa kajikunyata kwenye ndoo. Kesho yake alivaa gauni lililochanika kwapani, ambalo halijawahi kuvuka kizingiti, akatuchukua hadi ofisini. Foleni ilikuwa imejaa watu. Yule yule kijana alikuwa mezani. Dada akasema, na sijawahi kusikia maneno hayo kinywani mwake, "Mwanangu, mimi sina kitu. Makochi yalikuwa ya jirani. Mimi ni maskini."

Watu wa nyuma yetu wakanyoosha shingo. Nilitamani kusimama mbele yake nimkinge wasimwone.

"Mama," afisa alisema, tena kwa upole, "kila tunayemkataa anarudi kusema vitu vilikuwa vya kuazima. Mimi niliviona kwa macho yangu."

"Muulize jirani," nikadakia.

"Jirani naye atasema mtakalomfundisha. Na umeme je? Mama mwenyewe aliniambia umekatika siku hiyo tu. Nifute niliyoyasikia?"

Akaita anayefuata. Dada akainuka, akasema asante. Asante ya nini? Mpaka leo neno lile linanichoma kuliko majibu yenyewe. Mtu amekaa na aibu yake miaka yote kaifungia ndani, siku ameitoa, hakuna wa kumwamini!

Tulipofika nje ndipo binti aliposema, "Mama, siku ile nilikuomba."

Hakufoka. Afadhali angefoka. Dada akaketi pale pale kwenye ngazi za ofisi, katikati ya njia, gauni limeachama kwapani, na watu wakawa wanamruka wakipita.