Seli Zilizozoea

Kwa miezi kadhaa kazi yangu ilikuwa kuchokoza seli nyeupe za damu. Nilikuwa chuoni, mbali na Same, na kila asubuhi nilizimwagia vipande vya ngozi ya nje ya bakteria waliokwisha kufa. Siku ya kwanza seli zilihamaki. Zilimwaga kemikali za kuita homa hadi nikazionea huruma. Siku ya pili, kipimo kilekile, zikanyamaza. Hazikuwa zimekufa, na bado ziliweza kumeza vijidudu; ila ndani ya kiini, sehemu zinazotoa amri ya kupiga kelele zilikuwa zimefungwa. Mwalimu wangu alisema hiyo ni busara, maana mwili ukipigia kelele kila kijidudu cha tumboni utajiua wenyewe. Niliandika kurasa nyingi kuhusu busara hiyo, nikapewa shahada, nikarudi Same kufanya kazi maabara, nikijiona mtu wa maana.

Mama anaishi juu mlimani, upande wa Gonja, na tangawizi zake. Kila asubuhi hunipigia simu. Nikishamwamkia anaanza: kiuno, mkojo unaochoma, vidonge alivyonunua duka la dawa, magoti, mbuzi wa jirani kaingia shambani. Mwanzoni nilihangaika kweli. Simu ya kwanza ya kiuno nilipanda gari siku hiyohiyo, nikamkuta anapalilia. Baadaye nikawa naweka simu kwenye spika, napiga pasi, nasema "pole mama" kila anapovuta pumzi. Nilimnunulia kipimajoto, tukakubaliana kwamba akiona homa, nitakuja.

Asubuhi moja akasema amechoka, hata tangawizi hatamani kuzitazama. Nikamuuliza joto. Thelathini na sita na nusu. Nikamwambia, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba hana tatizo, anywe maji mengi.

Mchana jirani yake akapiga simu. Mama ameanguka, anaongea mambo yasiyoeleweka, wamemkimbiza hospitali. Nilipanda mlima kwa gari la kwanza nililopata. Daktari, kijana mpole, alisema uambukizo wa mkojo umeingia kwenye damu. Nikamwambia mbona hakuwa na homa. Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu asiyejua kitu, kwamba kwa mzee, tena aliyeugua ugonjwa huohuo mara kwa mara, mwili unaweza kuzoea usiite homa. Nilimsikiliza kwa adabu zote. Shahada sikuitaja.

Siku ya pili mama akafumbua macho, akanitambua, nikalia mbele ya wagonjwa wenzake bila aibu. Lakini dawa ilikuwa inasuasua. Daktari akaja na faili. Alitaka kujua maumivu yalianza lini, yalirudi mara ngapi, na ni vidonge gani mama alishakunywa, ili asije akampa dawa ambayo vijidudu vimeshaishinda. Alisema ni muhimu sana, kosa hapo linaweza kumpoteza.

Mama hakuwa na nguvu za kueleza. Alininyooshea kidole, na uso wake ulijaa fahari.

"Muulize huyu," akasema. "Ndiye msomi wetu. Nimemwambia yote, kila asubuhi."

Daktari akanigeukia, kalamu tayari, akasubiri.