Shomoro wa Muuza Nyama

Mume wangu ana bucha. Kutwa nzima yuko nyuma ya gogo lake na shoka, anapasua mbavu huku akitaniana na wateja, na damu haijawahi kumfanya apepese jicho. Basi mtu anieleze, jitu kama hilo lilipatwa na nini hata likawa mtumwa wa shomoro.

Shomoro hao walijenga kwenye bomba bovu lililo nje ya dirisha la jikoni, chini ya bati. Makinda yalipototolewa, mume wangu alihamishia kiti chake hapo. Chai anywe dirishani, viatu avae dirishani. Nikipita na sufuria ananinyamazisha kwa mkono, kana kwamba mimi ndiye mgeni jikoni kwangu.

"Mama watoto, huyu mama anahangaika," aliniambia. "Anazunguka weee, anarudi na kidudu kimoja. Na watoto wenyewe ni wanne!"

Kesho yake akaja na nyama ya kusaga, akaimwaga juu ya ukuta wa uani.

"Tangu lini shomoro akala ng'ombe?" nikamuuliza.

"Nani anakataa nyama?"

Ikawa ndiyo desturi yake kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Akirudi anakuta ukuta umesafishwa, hakuna hata chembe, anachekelea peke yake. Nani aliyekula, hakujiuliza.

Jumapili tulikuwa jikoni mimi, yeye na dada yake, wifi yangu ambaye mdomo wake hauna breki. Kunguru wawili walitua ukutani, wakakuta patupu, maana nyama ya siku ile ilikuwa bado mezani. Mmoja akageuza kichwa, akatazama bombani. Hata kupiga kelele sikuwahi. Alirukia pale, akachomoa kinda moja, akalipigiza kwenye bati mpaka likanyamaza. Mwenzake akafuata, wakayamaliza yote. Yule mama shomoro alikuwa anamparura kunguru mgongoni, analia, na kunguru wala habari hana.

Nilipigwa na butwaa, mwiko mkononi. Mimi ni mke wa muuza nyama, nilidhani hakuna la kunitisha. Lakini jua lilikuwa linawaka, redio ya jirani inaimba, na mambo yale yanafanyika mbele ya macho yangu.

"Umewaita mwenyewe, kaka," wifi akasema. "Si wewe uliyewazoesha kula hapa?"

Mume wangu alichukua panga na ngazi, akawafuata mpaka kwenye tangi la maji nyuma ya nyumba, ambako kunguru hao wamejenga. Nilimwita ashuke, ngazi yenyewe inacheza. Ndiyo kwanza akazidi kupanda, akiapa kwamba leo habaki hata mmoja, machozi yakimtiririka mtu mzima bila aibu. Tulimwona akifika juu. Akainua panga, nalo likabaki hewani.

Alishuka taratibu, uso umemsawijika.

"Umewaua?" wifi akauliza.

Alinitazama mimi, si yeye.

"Wana makinda matatu, hata manyoya hayajaota," akasema. "Nilipochungulia yakapanua midomo, yakanililia. Yalidhani nimeyaletea chakula."