Sauti Nyuma ya Kiti

Mtengeneza masomo ya kompyuta ya wafanyakazi wapya hutafuna kucha, na leo zimekwisha, kahamia kifuniko cha kalamu. Sauti inayofundisha humo ni yake. Aliirekodi stoo, kajifunika koti, na neno "umekosea" alilirudia mpaka koo likakauka, asije akamkwaza mtu. Bosi kashamwambia, "Wakikwama tena, hilo somo lako nalifuta." Sasa kasimama nyuma ya karani mpya, mama mtu mzima, huku kidole chake mwenyewe kikibonyeza hewa. Mama anabonyeza pasipotakiwa.

"Umekosea kidogo, jaribu tena," kompyuta inasema.

"Haya mwanangu, usinikimbize." Mama anabonyeza tena, somo linasonga mbele. "Ehe! Umeridhika sasa?"

"Nimeridhika, mama," inajibu sauti ileile, safari hii kutoka mgongoni, na mama nusura aanguke na kiti.