Tangazo Moja la Mawigi

Mwenye cyber wa mtaa wetu wa Kenya hakuachi ufungue ukurasa wowote kabla hajakuwekea kizuia-matangazo. Anakusukuma pamoja na kiti chako, vidole vinavyonuka samaki mkavu vinabofya, na matangazo yanatawanyika kama kuku waliofukuzwa kwenye unga wa muhogo. "Pub, haya matangazo, ni nzi, maman," anasema; hata wasichana anawaita maman.

Leo mashine zilijaa, msichana mmoja, Bénie, akapewa ile ya mwenye cyber mwenyewe. Kumbe haina kizuizi! Tangazo la mawigi likaruka, mwanamke anacheka meno yote nje. Bénie akalifunga.

"Weh! Ule njo bibi yangu! Tangu alinikimbia, namuonaka hapa tu." Mwenye cyber akasogeza kiti, akafuta skrini kwa mkono wa shati. "Fanya actualiser, ukurasa ufunguke tena, arudie."