Neno Nililolifuta

Admin, nifichie jina. Nina miaka sabini na moja. Naishi Rongo kwenye ploti ya kununua, kwa sababu nyumba za baba kule mpakani zilichomwa miaka ya tisini na shamba likachukuliwa.

Mdogo wangu aliwaona waliowasha moto, akakubali kutoa ushahidi. Nilimficha Sindo, kando ya ziwa, kwa mvuvi asiye jamaa yetu. Mimi nilikuwa karani katika kituo cha utafiti wa samaki Homa Bay. Tulitumia kompyuta moja kubwa, kila mtu na skrini yake na neno lake la siri. Siku moja nikimwandikia wakili nilibonyeza "yuko Sindo", nikaogopa, nikafuta. Sikuhifadhi, sikuchapisha.

Kesho yake kwenye chai, mwenzangu wa kazi Ouma akanichekea, akaniita ndugu kwa Kiluo na kuulizia bei ya dagaa. "Omera, omena Sindo ni bei gani siku hizi?"

"Nitajuaje? Sijafika huko."

"Aa, nimeuliza tu. Kunywa chai, inapoa."

Nikaondoka mbio. Nilipofika Sindo, mdogo wangu hakuwepo. Mvuvi akaniambia: "Wawili walimwita pale ufukweni kwa jina lake halisi, wakaondoka naye. Hata mimi jina hilo sikulijua." Mwili haukupatikana. Tulizika tunda la yago, lile refu la mti wa mwegea, badala ya mwili, kama desturi yetu ilivyo, tena katika udongo usio wa baba. Baadaye nikajua kwamba aliyechukua shamba letu ni mjomba wa Ouma.

Fundi aliyekuja kutengeneza kompyuta ndiye aliyenifungua macho. Programu inayochora madirisha kwenye skrini ilikuwa na tundu. Yeyote mwenye ruhusa ya kutumia mashine ile aliweza kusoma kila herufi mwenzake anayobonyeza, hata anayoifuta. "Mzee," akasema, "aliyekusoma hakuvunja mlango. Mlikuwa naye ndani."

Sasa binti yangu ameleta mchumba. Ni mtoto wa Ouma. Jumamosi wanaleta mahari, na Ouma akishakula kuku wangu tutakuwa wakwe. Kwetu mkwe haulizwi habari za damu. Binti anajua tu kwamba baba yake mdogo alizama. Ushahidi sina, ila neno ambalo halikubaki popote.

Jana Ouma alinipigia, sauti tamu. "Omera, usihangaike na kitoweo. Nitakuja na samaki wa Sindo."

Ndugu zangu, siku zimeisha. Nimwambie binti, au nimfungulie lango? Nishikeni mkono, nifanye nini?