Ndani ya Mita Sitini

Shirika letu la kulinda mto lilikuwa na wafanyakazi wanne, na mmoja wao hakujua kwamba hahesabiwi.

Ofisi ilikuwa Kharumwa, nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu nyuma ya ghala la pamba. Mkurugenzi, mwalimu mstaafu wa jiografia, alikaa chumba chenye feni. Mimi nilikaa sebuleni na mabango. Dereva alishinda ndani ya gari. Wa nne alikuwa mama mmoja wa rika la mama yangu mdogo, mkulima wa kijiji kilicho kando ya mto, ambaye kila Ijumaa alipanda baiskeli kutuletea habari za maji: wapi kingo zimebomoka, wapi ng'ombe wamegoma kunywa, nani kakata miti. Kijijini alijulikana kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama ilivyo desturi, nami jina hilo sitaliandika. Ofisini tulimwita mayu, yaani mama.

Aliandika katika daftari la shule, kwa herufi kubwa alizojifunza ukubwani. Nimesoma maandishi ya wataalamu wengi kuhusu mto ule. Hakuna aliyeujua kama yeye.

"Nimeleta lipoti," alikuwa akisema mlangoni, maana ulimi wake wa Kisukuma haukuelewana na herufi R.

Mkurugenzi alimjibu kutoka chini ya feni: "Ilete hiyo lipoti, mayu, tuone pologilamu inaendaje!"

Nilicheka kila mara. Yeye mwenyewe alitabasamu, na mimi nikaridhika kwamba ni utani wa watu wanaopendana. Dereva peke yake hakucheka. Siku moja aliniuliza kama Kisukuma changu kinatosha hata kuomba maji ya kunywa. Kilikuwa hakitoshi. Mimi ni Msukuma, ila nimekulia Shinyanga mjini, na nyumbani kwetu Kisukuma kilikuwa lugha ya wazazi kusemea yale ambayo watoto hawakupaswa kuyasikia.

Ugonjwa wa mto haukuwa siri. Juu kidogo ya kijiji cha mayu kulikuwa na mwalo, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu na kuikamata dhahabu yenyewe kwa zebaki. Maji yaliyotoka hapo yalishuka mtoni kwa mfereji uliochimbwa waziwazi, wala hakuna aliyejisumbua kuufunika hata kwa majani. Mwenye mwalo aliishi Geita mjini. Nusu ya vijana wa kijiji walifanya kazi kwake, na ndiye aliyeezeka darasa la shule yao. Katika daftari la mayu, mfereji ule ulitajwa kila wiki. Katika taarifa nilizoziandika mimi, haukutajwa hata mara moja. Mkurugenzi aliniambia taarifa ni ya mafanikio.

Mwaka ule wafadhili walitangaza kuja. Mkurugenzi akataka waonyeshwe kitu kinachoonekana kwa macho, siyo semina. Tukanunua vigingi, tukavipaka rangi nyeupe, tukavichomeka mita sitini kutoka ukingoni, kama sheria inavyosema: ndani ya mita sitini hakuna kulima. Kisha akamwita mayu ofisini.

"Mayu, bustani yako iko umbali gani kutoka mtoni?"

"Mlipima nyie wenyewe. Hata thelathini hazifiki."

"Na sheria inasema?"

"Sitini. Si ndiyo ninayowaimbia wenzangu kila siku?"

"Basi tutaanzia kwako. Wewe ukiwa wa kwanza kung'oa, hakuna atakayesema shirika lina upendeleo. Halafu ndipo tunaugeukia mwalo, barua yake imeshaandikwa."

Bustani ile ndiyo iliyomlisha, yeye na mumewe aliyepooza upande mmoja na mama mkwe wake, bibi asiyeona tena.

"Mwalo nao utaondoka?" aliuliza.

"Sheria ni moja, mayu."

Mayu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Nikatikisa kichwa kukubali. Nilijua fika kwamba hakuna barua iliyoandikwa kwa mwenye mwalo wala kwa ofisi yoyote, kwa kuwa barua zote za shirika niliandika mimi.

Wageni walikuja asubuhi ya jua kali, na kijiji kizima kikakusanyika kutazama. Mayu alikuwa amevaa fulana ya shirika juu ya kitenge cha kanisani. Nyanya zake zilikuwa zimeanza kubadilika rangi. Mkurugenzi alihutubia, kisha akampa ishara. Mayu akainama, akashika mche wa kwanza, akaung'oa pamoja na matunda yake.

Mimi ndiye niliyeshika kamera.

"Subiri, mayu," nikasema. "Jua liko nyuma yako, uso umekuwa mweusi. Urudishe."

"Niurudishe wapi?"

"Hapo hapo kwenye shimo. Uchomeke, halafu ung'oe tena."

Aliuchomeka mche. Alifukia na udongo kidogo, akaukandamiza kwa kiganja, kama mtu anayepanda kweli. Akahamia upande mwingine, akaung'oa tena. Safari hii alikuwa ameinamisha uso.

"Bado. Inua kichwa. Na utabasamu kidogo, mayu, wageni wanaona."

Wanawake wenzake waliokuwa pembeni wakaanza kucheka. Akauchomeka mara ya tatu. Nyanya mbili zilidondoka, akaziokota na kuziweka pembeni kwa uangalifu, kisha akang'oa huku akinitazama na kutabasamu kama nilivyomwelekeza. Picha ilitoka vizuri sana. Ndiyo iliyokuja kuwekwa mbele ya kalenda yetu.

Mgeni mmoja, mama wa makamo, akamwomba mkurugenzi amuulize anajisikiaje.

"Mwambie," mayu akasema, "zilikuwa zimebakiza wiki mbili tu."

Mkurugenzi akamgeukia mgeni, akatafsiri: "Anasema ana furaha kubwa kuulinda mto kwa ajili ya wajukuu."

Wageni wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Baada ya hapo mayu aling'oa bustani yote, tuta kwa tuta, hata ile sehemu ambayo hakuna aliyeipiga picha. Wageni walikuwa wameshapanda magari.

Hakuna bustani nyingine iliyong'olewa. Baada ya mwezi vigingi vyetu vilikuwa vimeshapikiwa ugali. Ijumaa mayu aliendelea kuja na daftari lake, na kabla hajalifungua aliniuliza, "Barua ya mwalo imejibiwa?"

"Bado, mayu. Mambo ya serikali yana mlolongo."

Nililisema hilo Ijumaa nyingi, bila kupepesa macho. Nilianza hata kumchukia kwa kuuliza. Nilipoisikia baiskeli yake ikiegeshwa ukutani, niliinamia karatasi nikijifanya nina kazi.

Mwishowe alichoka kutusubiri. Katika mkutano wa kijiji, ambako mimi na mkurugenzi tulialikwa kuusifia upandaji miti, alinyoosha mkono na kusimama. Alisema yeye ameng'oa nyanya zake mbele ya watu wote kwa kuheshimu sheria, sasa anataka kuona mwalo nao unang'olewa. Alitaja mfereji. Alitaja ndama waliokufa, mmoja mmoja, na wamiliki wao. Alisema, "Shirika langu limeandika barua."

Minong'ono ikapita. Msimamizi wa mwalo, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, akasimama na kumuuliza mkurugenzi kwa adabu kama hayo ndiyo maneno ya shirika.

Mkurugenzi akainuka, akarekebisha miwani. "Ndugu zangu, huyu mama si mfanyakazi wetu. Ni mtu wa kujitolea tu. Hayo anayosema ni yake mwenyewe."

Mwenyekiti wa kijiji akanigeukia mimi. "Binti, ni kweli?"

Mayu alikuwa bado amesimama. Aliniangalia kwa matumaini, na hilo ndilo nisiloweza kulisahau.

"Ni kweli," nikasema.

"Na barua?"

"Hakuna barua."

Akaketi chini taratibu. Mtu akapiga mluzi nyuma, na watu wakacheka kwa muda mrefu.

Kijiji kilimtenga. Hapa kwetu kutengwa hakuhitaji fimbo wala jela. Ukisalimia huitikiwi. Ukienda kisimani, wanawake wanashika ndoo zao na kuondoka. Hakuna anayekupa moto, chumvi wala pole. Atakayekusemesha naye atatengwa. Vijana walikuwa wameambiwa kwamba mwalo ukifungwa watarudi kulima pamba, na aliyetaka kuufunga ni yule mama. Ofisini hakuja tena, nasi hatukwenda kumuuliza kulikoni. Mkurugenzi alisema afadhali, kwa kuwa alikuwa amevuka mipaka.

Kisha mama mkwe wake akafa. Habari zilifika Kharumwa kwa muuza mkaa, ambaye alisema pia kwamba kijiji kimeamua hakuna atakayekwenda kuzika. Dereva aliingia ofisini kuomba gari.

"Gari la shirika halibebi misiba ya watu binafsi," mkurugenzi akamwambia.

Dereva akanitazama. "Twende basi kwa pikipiki, wewe na mimi."

Nikamwambia nina taarifa ya robo mwaka ya kumaliza. Ilikuwa kweli kwamba nilikuwa nayo. Ilikuwa kweli pia kwamba bado ilikuwa na wiki nzima.

Alirudi kesho yake, viganja vimechubuka. Nilimuuliza walikuwa wangapi.

"Wawili."

"Wewe na nani?"

"Na yeye. Mumewe tulimtoa nje, tukamkalisha kwenye mkeka aone."

"Mayu alichimba?"

"Alichimba. Nilimkataza, nikamwambia mimi ninatosha. Ardhi ilikuwa ngumu, jua likapanda, mwili ulikuwa umeshakaa siku mbili. Akashuka shimoni akachimba kaburi la mkwewe kwa jembe la bustani. Watu walikuwa wamesimama kwenye njia wanatuangalia."

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa uzito wa mwiko ule, mwanamke kusimama ndani ya kaburi la mama wa mumewe. Mkurugenzi alikuwa amesikia yote. Akatokeza kichwa mlangoni, akasema, "Sasa hiyo nayo si ingetosha kuandikiwa lipoti?"

Nikacheka. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kicheko kilinitoka kama chafya, kabla sijakiona kinakuja, na dereva alinitazama mpaka kikaisha. Akaweka funguo za gari mezani kwangu, juu ya taarifa, akatoka. Hakurudi hata kuchukua koti lake.

Mayu na mumewe walihamia Runzewe, kwa kaka yake. Mwalo upo mpaka leo na umeongezwa ukubwa. Mkurugenzi alistaafu kwa mara ya pili, na chumba chenye feni sasa nimekaa mimi.

Mwaka jana nilipita Runzewe kikazi, nikamkuta sokoni amekaa mbele ya gunia la michembe, vile viazi vikavu vya kwetu. Alikuwa amekonda, lakini macho ni yale yale. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Mzee anaendeleaje?"

"Alishatangulia."

Nikampa pole, akaipokea kwa utulivu, kama ya mpita njia. Akaniuliza, "Yule dereva yuko wapi siku hizi?"

"Sijui, mayu. Aliacha kazi."

"Ukimwona, mwambie namsalimia sana. Na watoto wake."

Nilikuwa nimelibeba neno moja kwa miaka, nikaona nisipolisema pale sitalisema tena. "Mayu, siku ile... nilikukosea."

Akaacha kupanga michembe. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaka kuelewa:

"Siku ipi?"

Nilitafuta ni ipi ya kutaja kwanza, nikashindwa. Nyuma yangu mteja alikuwa amefika na mfuko wake, na mayu akamwona.

"Unawazibia watu njia, mwanangu," akasema. "Sogea kidogo."

Nikasogea.